Nyuma ya Madigadi ya Kulia

Farasi wa Melquiades alikuwa na tabia moja mbaya: akisikia pikipiki, hurudi nyuma. Jumatatu asubuhi alisikia pikipiki, akarudi nyuma, na mkokoteni wa abiria aliokuwa akiuvuta ukamgonga Panchita ubavuni. Panchita ni gari, Chevrolet ya mwaka hamsini na tatu, rangi ya samawati, na alikuwa amesimama zake mbele ya nyumba ya Onelia bila kumkosea mtu. Melquiades alishuka, akalitazama bonde alilolitia kwenye bati, akamtukana farasi mpaka kwa bibi yake mzaa mama, akamwomba Onelia radhi, akapanda akaenda zake. Katika mji wa Gibara bima ndiyo hiyo.

Bonde lenyewe lilikuwa kwenye madigadi ya nyuma, upande wa kulia, pana kiasi cha kulaza paka. Rangi ilikuwa imebanduka na kutu inachungulia. Kutu Gibara si habari. Bahari inapiga ukuta wa barabara na kurusha chumvi mpaka madirishani, na ukiona gari lisilo na kutu ujue ni la mgeni. Kilichomshtua Onelia hakikuwa kutu. Ni upande.

"Si kitu," alimwambia mwanawe kabla hajaulizwa. "Puti kidogo, rangi kidogo, kwisha."

Leodán alipiga magoti, akasukuma kidole pale chini madigadi inapokutana na sakafu. Kidole kikaingia.

"Mama, hili si bati, hii ni biskuti. Na Jumamosi ni ukaguzi. Yule bwana anatembea na bisibisi. Ikizama tu, karatasi sipati. Bila karatasi sibebi abiria hata wa kwenda makaburini."

Alisema kweli. Panchita ndiye aliyewalisha wote, yeye Leodán na mkewe na binti yao mdogo, na Onelia mwenyewe juu yake. Kila alfajiri alipakia watu wa kwenda Holguín, na jioni akawarudisha. Onelia alirudi ndani akakaa, akasahau viazi vitamu motoni mpaka vikaungua, kwa sababu nyuma ya madigadi ile kulikuwa na tangi la pili, na aliyelijua duniani alikuwa yeye peke yake.

Lilikuwa kazi ya marehemu mumewe, Gaspar. Miaka ile Mrusi alipoondoka na mafuta yake, Gibara ilitembea kwa miguu na kula maganda ya balungi yaliyokaangwa kama nyama. Gaspar alikataa kula maganda. Alichonga ufunguo wa pampu ya ushirika wa wavuvi, akawa anachota petroli kidogo kidogo, na ili asikamatwe nayo njiani akaunda sanduku la bati nyuma ya madigadi ya kulia, akalifunika kwa bati jingine upande wa buti, akapaka lami juu. Kwa petroli hiyo alipanda milimani kwa wakulima na kurudi na maziwa, viazi vikuu, siku nyingine kitoto cha nguruwe. Leodán alikuwa mchanga wakati huo. Akanenepa katikati ya watoto waliokonda, na majirani wakamsifu Onelia kwamba ana maziwa mazuri.

Kisha hesabu ya ushirika ikapungua. Aliyekabidhiwa ufunguo wa pampu alikuwa Evelio Pupo, rafiki wa Gaspar tangu utotoni, na ndiye aliyemshika Leodán kwenye maji ya ubatizo. Evelio aliingia jela miaka mitatu. Gaspar alilia, akaapa kwamba Jumatatu atakwenda kusema. Kila Jumatatu ilipofika alishikwa na mafua. Mwishowe aliliziba tangi na kumwambia mkewe, "Hili lifie hapa hapa." Onelia akanyamaza. Alinyamaza kwa ajili ya mtoto, kisha kwa ajili ya mume, na Gaspar alipokufa alinyamaza kwa mazoea.

Evelio alipotoka, mkewe alikuwa ameshahamia Santiago na binti yao. Hakuna aliyempa tena kazi yenye ufunguo. Hata bandarini, kwenye meza ya domino ambako wazee huchezea sigara, kopo la kuwekea sigara za dau hushikwa na yeyote isipokuwa Evelio. Kopo linampita tu, mkono kwa mkono, na yeye anajifanya anahesabu vipande vyake. Alijifundisha kunyoosha mabati ya magari kwa nyundo alizozifua mwenyewe, na ndizo zilizomweka hai.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu. Hawasemi anayekula anajisikiaje.

Usiku ule Onelia alifungua mdomo mara kadhaa kumwambia mwanawe, akaufumba. Leodán hakujua kuficha. Angemeza siri asubuhi, na jioni Evelio angeiona kooni mwake. Bora puti. Puti ikishapakwa, nani atatazama nyuma yake?

* * *

Jumatano, kabla kahawa haijashuka, Evelio alikuwa mlangoni na gunia lake la nyundo. Alikuwa mtu mwembamba, mikono yake imejaa makovu ya moto mpaka kwenye viwiko.

"Shemeji! Nasikia farasi kamposa Panchita, kakataliwa, kaja kwa mabavu."

"Nani kakuita wewe?" alisema Onelia.

"Lini uliwahi kuniita? Mimi huja."

Onelia alimmiminia kahawa kwenye kikombe kidogo, nusu yake imemwagikia kisahani. Evelio aliinywa amesimama, akatoka nje alikokuwa Leodán, akaanza kulizunguka bonde. Alilipapasa kwa kiganja huku amefumba macho, kama kawaida yake. Kisha akafungua buti, akaingiza mkono atafute mgongo wa bonde ili aweke kipande cha chuma nyuma na kupiga kwa mbele. Ndivyo bati linavyonyooshwa.

"Mkono hauingii. Kuna bati limefunga njia hapa, tena limepakwa lami. Nani kaliweka?"

"Baba," alisema Leodán. "Alisema ni la kuzuia maji."

"Gaspar na maji! Mtu aliyeoga Jumamosi kwa Jumamosi!"

Wanaume wakacheka. Onelia naye alicheka, kwa kuchelewa.

"Pigeni puti basi," alisema. "Gaspar siku zote alipiga puti. Ilimkaa miaka."

"Puti ni poda, shemeji. Inampendezesha bibi harusi, haimponyi. Yule mkaguzi akichoma bisibisi hapo chini, puti yote itaangukia kiatuni mwake." Evelio alijifuta mikono kwenye suruali. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kuwa nyuma hakupitiki, tutakata hii biskuti kwa grenda, tutie kiraka, na bonde tulivute kwa nje."

Grenda inatoa cheche. Onelia alisimama kizingitini na kumwomba Bikira wa Caridad jambo moja tu, umeme ukatike. Haikupita muda redio ya Candita, jirani wa ukuta mmoja, ikanyamaza katikati ya wimbo, na mtaa mzima ukaguna kwa pamoja. Onelia alimshukuru Bikira kwa machozi. Hata hajamaliza, Leodán akasema:

"Basi tutumie gesi."

Mbinguni wanasikia, ila hawasubiri sentensi iishe. Leodán alivingirisha kutoka uani pipa la maji na mawe ya kabaidi, lile linalotoa gesi, na mtungi wa oksijeni aliouazima kwa rafiki yake wa kiwanda cha mashua. Akaunganisha mipira, akaikaza kwa waya. Grenda hutoa cheche, lakini hii ilikuwa moto wenyewe, wa kuyeyusha chuma, nao ungewekwa bati moja tu mbele ya petroli ya Gaspar.

Onelia alikumbuka siku za joto kali, jinsi upande ule ulivyonuka. Alikumbuka pia maneno ya Gaspar: kumebaki lita mbili tatu humo, siwezi kuzitoa bila kufungua, na sifungui.

"Upepo ni mkali leo," alisema. "Mtaunguza nyumba za watu."

"Upepo gani, Mama? Hata shuka za Candita hazitikisiki."

"Shemeji anaogopa tangi," alisema Evelio kwa upole. "Usiogope. Leodán kalitoa jana, lile pale chini ya mndimu, kalijaza maji mpaka shingoni. Ukijaza maji hakuna mvuke, na bila mvuke hakuna mlipuko. Mimi moto ninauheshimu. Huku nyuma hakuna kitu cha kulipuka isipokuwa mdomo wako."

Ungemwona Onelia ungemhurumia, na ungetamani kumzaba kofi. Maneno mawili tu yalihitajika. Alikuwa nayo mdomoni, akiyageuza kwa ulimi, na yeye akaingia jikoni kuiba viberiti. Alichukua kile cha mezani, akachukua kile cha kwenye sanamu ya Bikira, akavitia kifuani ndani ya sidiria. Kiberiti Gibara ni kitu cha kuulizia kwa jamaa na marafiki.

"Mama, kiberiti kiko wapi?"

"Kimekwisha."

"Jana nimeleta!"

"Kimekwisha, nimesema! Mimi ndiye ninayepika humu au ni wewe?"

Candita alitoa kichwa dirishani. Mwanamke yule husikia mpaka yanayofikiriwa. "Onelia, moto unatafutwa? Nina kile cha gesi alicholeta mpwa wangu. Leodán, mwanangu, dakaa!"

Kikaruka juu ya ukuta. Leodán akakidaka kwa mkono mmoja.

Onelia alitoka nje karibu akimbie. Akaenda moja kwa moja, akaegemea madigadi, mgongo wake umeliziba bonde.

"Unafanya nini?" aliuliza Leodán.

"Napumzika."

"Kuna viti sita ndani."

"Nimepata kizunguzungu."

Evelio alimtazama. Hakucheka safari hii. Alimshika kiwiko, akamwondoa taratibu, akamketisha kwenye ngazi ya mlango. "Shemeji, kuna nini? Tangu asubuhi huko sawa."

Alikuwa ameinama, uso wake umemkaribia. Hapo ndipo ingefaa. Onelia alitazama ile mikono yenye makovu, akaona kwamba akisema, mtu huyu hatamshika kiwiko tena mpaka afe. Na Leodán hatatamka neno "Baba" kama alivyolitamka muda mfupi uliopita. Akatikisa kichwa.

"Jua tu," alisema.

Evelio alirudi kwenye gari, akapiga magoti, akanusa. "Hii petroli yanuka wapi?"

"Panchita ananuka hivyo tangu nizaliwe," alisema Leodán. "Ni kabureta."

"Kabureta iko mbele, kijana."

"Basi ana jasho baya. Ba'mdogo, oksijeni ya watu hii, nimeahidi kuirudisha leo. Nianze?"

Evelio alinusa tena. Alionekana kutaka kusema kitu, kisha akaweka kitambaa kilicholowa kando ya goti, tayari kwa kupoza bati. "Anza. Anzia chini kwenye biskuti. Nenda polepole."

Leodán alifungua gesi, ikafoka. Akabofya kiberiti cha mpwa wa Candita, kikakataa. Akabofya tena. Moto ukashika na mlio wa kitambaa kinachochanwa, mwanzo wa njano wenye moshi, kisha alipoongeza oksijeni ukakaza na kuwa mwembamba, wa buluu. Aliinama. Mkono wa kushoto aliuegemeza kwenye madigadi, uso wake shubiri mbili kutoka kwenye bati. Kwapa la fulana yake lilikuwa limechanika. Onelia alikuwa ameahidi kulishona.

"Gaspar aliweka tangi jingine!"

Hakujua kama amepiga kelele au amenong'ona. Lakini Leodán aliruka nyuma kama aliyegutushwa na nyoka, na Evelio alikuwa tayari amefunga koki zote mbili. Moto ulikufa kwa mlio mdogo.

"Tangi gani?" alisema Evelio.

"Hapo nyuma. Nyuma ya lile bati la lami."

"Na umekaa kimya mpaka amewasha?" Leodán alikuwa mweupe midomoni. "Mama, una akili? Mimi nilikuwa hapa! Uso wangu ulikuwa hapa!"

Evelio alichukua patasi, akaingia kwenye buti, akalibandua bati la lami kipande kwa kipande. Sanduku likaonekana: bati lililokunjwa kwa mkono, limechomelewa kwenye maungio, na juu yake kizibo cha shaba kilichopakwa nta. Alishika bampa, akalitikisa gari mara moja. Ndani ya sanduku kitu kikachezacheza, na wote watatu wakakisikia.

"Limo," alisema Evelio. Alikaa chini. "Leodán, mwanangu, mkeo angekuja kuokota vidole vyako uani kwa Candita."

"La nini hili?" aliuliza Leodán. "Mama, la nini?"

"La safari ndefu," alisema Onelia. "Baba yako alikwenda safari ndefu sana zamani."

Ndiyo, alidanganya tena. Mwanawe yu hai, anatetemeka lakini yu hai, ana pua na macho yote mawili, na hilo ndilo alilolitaka. La ziada la nini? Gaspar amekufa, ufunguo ulitupwa baharini, shahidi hayupo. Aliona waziwazi kwamba anaweza kufa na siri hii na kuzikwa nayo kwa heshima.

Evelio hakuuliza. Alifungua kizibo, akanyonya kwa mpira, akatema, akayaacha mafuta yatiririke kwenye kopo. Yalitoka meusi na mazito, yananuka rangi iliyochacha. Akamwagiza Leodán maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka sanduku likafurika. Alitazama pembe zake kwa muda, akagonga kwa kifundo cha kidole huku na huku.

"Pembe hii ya juu imebaki na hewa," alisema. "Maji hayafiki. Gaspar aliikunja vibaya."

"Liacheni basi," alisema Onelia. "Liacheni humo humo!"

"Mkaguzi akilikuta tangi la kificho, shemeji, ataandika mpaka kalamu iishe wino. Lazima litoke." Evelio aliokota tochi ya gesi, ile ya kukatia chuma. "Leodán, nenda kasimame barabarani na mama yako. Nitakata mimi."

"Gari ni langu, ba'mdogo."

"Wewe una mtoto. Mimi nina nyundo. Nenda."

Leodán alikwenda, akamshika mama yake mkono, wakasimama upande wa pili wa barabara. Evelio alipiga magoti mahali pale pale alipokuwa Leodán, akaegemeza mkono wa kushoto pale pale. Kabla ya kubofya kiberiti alinusa vidole vyake, akasema bila kugeuka, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu:

"Mwaka gani, shemeji? Hii petroli ni ya zamani sana."

Angeweza kusema mwaka wowote. Mwaka wa harusi, mwaka wa kimbunga, Evelio angeukubali. Lakini alimtazama mtu yule aliyepiga magoti mbele ya pembe yenye hewa, kwa niaba ya mtoto wa Gaspar, mara ya pili maishani mwake anakaa mahali pa Gaspar, na safari hii kwa kujitolea. Mficha uchi hazai, na Onelia alikuwa ameuficha uchi wa mtu mwingine kwa miaka mingi, mpaka akausahau wake. Aliuachia mkono wa mwanawe.

"Mwaka ule, Evelio," alisema. "Ni ile ya ushirika. Alichukua Gaspar. Nilijua."

Evelio hakugeuka. Aliiweka tochi chini, vizuri, mdomo wake umetazama ukutani. Kisha akaokota nyundo.

"Ba'mdogo," alisema Leodán, akavuka barabara hatua moja.

Evelio aliinuka. Mtu huyu Gibara nzima inamjua kwa kutopoteza pigo: hugonga kidogo, hupapasa, hugonga tena. Aliinua nyundo kwa mikono miwili na kuishusha kwenye madigadi kwa nguvu zake zote, mara moja. Mlio ule ulisikika mpaka bandarini. Njiwa waliruka kutoka paa la kanisa. Kando ya bonde la farasi kukawa na bonde la pili, refu zaidi, na rangi ya samawati ikadondoka vipande vipande.

Evelio aliitazama nyundo, akairudisha guniani. Akapiga magoti tena, akabofya kiberiti, akawasha moto, akakata.

Alikata muda mrefu. Onelia alisimama katikati ya barabara na kungoja mlipuko, na nafsi yake ilimwambia kwamba ukitokea na yeye akimbilie ndani yake. Haukutokea. Maji yalichemka, yakamwagika, bati likalia, na mwishowe sanduku likaanguka chini kwa kishindo kidogo cha kawaida.

Leodán alikuwa ameketi kwenye ngazi. "Maziwa," alisema. Hakumtazama mama yake. "Kila mtu anasema nilikuwa mtoto mnene, wenzangu wamekonda. Ndiyo maziwa hayo?"

"Ndiyo," alisema Onelia.

Leodán alifunika uso kwa mikono. Onelia alimsogelea, naye akajisogeza pembeni, kidogo tu, upana wa mkono mmoja. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Evelio alimimina maji yaliyobaki, akalishika sanduku kwa upande mmoja. Upande wa pili uliburuzika chini.

"Onelia," alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina tangu siku ya harusi. "Shika huku."

"Tunalipeleka wapi?"

"Shika."

Alishika. Bati lilikuwa bado la moto, kingo zake zinakata, na hakuthubutu kuomba kitambaa. Waliteremka mtaa wakiwa wamelibeba katikati yao, mchana kweupe. Candita alitoka mlangoni kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupata la kusema. Wakapita duka la mkate lenye foleni, foleni ikageuka. Wakampita Melquiades na farasi wake, na Melquiades, akidhani ni jambo la bonde lake, akajificha nyuma ya mkokoteni. Evelio alitazama mbele. Onelia alijua wanakwenda wapi tangu walipopinda kona ya kanisa, na kila hatua alijisemea kwamba anaweza kuliachia. Vidole vyake vilikataa, au yeye alivikatalia.

Bandarini meza ya domino ilikuwa imejaa kama kawaida. Tino, mkubwa wao, ndiye aliyekuwa na kopo la sigara mapajani.

"Evelio!" alisema. "Umefungua duka la vyuma chakavu? Na mke wa marehemu ndiye karani?"

Wazee wakacheka. Evelio aliweka upande wake wa sanduku juu ya meza, juu ya vipande vyenyewe vya domino, katikati ya mchezo. Onelia akaweka wake. Vipande vingine vilidondoka chini.

"We! Nilikuwa nafunga mimi!" alipiga kelele mmoja.

Evelio aligeuka akatazama mashua. Alisimama hivyo, mgongo kwao, mikono mifukoni, wala hakusema kitu. Onelia alielewa kwamba hatamsaidia hata kwa herufi moja.

"Hili ni tangi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akaikohoa, akaanza upya. "Hili ni tangi la mume wangu. Alilificha kwenye gari. Petroli ya ushirika, ile ya mwaka ule, ilikuwa humu. Aliiiba Gaspar. Evelio hakuchukua hata tone. Mimi nilijua siku ile walipomchukua, na niliyanywa maziwa yaliyopatikana kwa petroli hiyo, na nilinyamaza."

Bahari iligonga ukuta, ikarudi. Mzee mmoja aliyekuwa ameinama kuokota domino alibaki ameinama. Tino alimtazama Onelia, akalitazama sanduku, akautazama ule mgongo uliosimama mbele ya maji. Kisha akalishika kopo la sigara, akalisukuma juu ya meza, likakwaruza kando ya sanduku mpaka ukingoni, upande aliosimama Evelio.

"Evelio," alisema. "Hebu tushikie."

Evelio aligeuka. Alilitazama kopo kwa muda mrefu kuliko anavyotazama bonde lolote. Aliunyoosha mkono, akaligusa kwa ncha ya kidole, akalirudisha kidogo kuelekea kwa Tino.

"Shika wewe," alisema. "Mimi Jumamosi nina ukaguzi. Bonde moja ni la farasi, lakini lile la pili ni langu."

Akaanza kuupanda mtaa kurudi nyumbani kwa Onelia, mbele, bila kumngoja.